Karatasi Iendayo Nyumbani



Shule ya kijiji husimama mahali ambapo kila mtu aiona. Apitaye kwenda shambani huliona paa lake, huisikia kengele yake, na akisimama kidogo husikia watoto wakitaja hesabu zao kwa pamoja. Lakini mambo yaliyomo ndani yake mara nyingi hayajulikani kwa watu ambao shule ile ni yao. Mzazi humtoa mtoto wake alfajiri, humpokea jioni, na akimwuliza, "Leo mmefanya nini?" hujibiwa, "Tumesoma." Jibu hilo ni la kweli, ila halishibishi. Tena nyumba isiyopata habari haikai hivi hivi. Hujitengenezea habari zake yenyewe, nazo hupita mbio kuliko za kweli.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilifunzwa kazi hii katika chuo cha misheni, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili nikifundisha katika vijiji vya wilaya ya Muheza. Katika miaka hiyo nimeona magomvi mengi kati ya walimu na wazazi, na nikiyatazama kwa utulivu naona ya kwamba yaliyo mengi hayakutoka katika ubaya wa moyo wa mtu yeyote. Yalitoka katika kutoambiwa, au kuambiwa kwa kuchelewa. Basi leo nataka kusema habari ya dawa moja ndogo ya ugonjwa huo, nayo ni karatasi ya habari, ukurasa mmoja tu, ambayo shule yetu huipeleka nyumbani kila mwezi wa masomo.

Yapasa kwanza niseme jinsi karatasi ya shule ilivyokuwa ikitazamwa hapo kwetu. Mtoto akionekana anakuja na karatasi mkononi, watu wazima walitazamana. Palikuwa na baba mmoja ambaye akimwona mtoto hivyo aliingia ndani na kuagiza wasemao nje waseme kwamba hayupo. Nasi hatukuweza kumcheka, maana karatasi ilikuja kwa mambo matatu tu: mchango, wito, na onyo. Habari njema haikuandikwa. Ilidhaniwa kwamba itajulikana yenyewe. Ndivyo karatasi ilivyopata jina baya, ikawa kama mgeni aombaye kila ajapo wala haleti kitu.

Wako wanaodhani kwamba karatasi ya habari za shule ni desturi ya mjini, iliyoletwa juzi na shule za kulipia. Sivyo. Shule na gazeti ni ndugu wa zamani katika nchi hii. Mwaka 1888 misheni ya UMCA ilianza kutoa Unguja gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, likileta habari kutoka vituo vya misheni. Katika miaka ya 1890 likafuata Habari za Mwezi, lililotoka Magila, mahali ambapo kwetu si mbali. Zamani za Wajerumani shule ya Serikali ya Tanga ilitoa gazeti la Kiongozi, nalo liliendelea hata mwaka 1916. Tena mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo, ambalo walimu wengi waliliandikia habari za kwao. Magazeti hayo yalikuwa makubwa, na karatasi yetu ni ndogo. Lakini kazi ni ile ile, yaani kumfanya mtu aliye mbali na jambo alijue kana kwamba alikuwapo.

Tulipoanza, walimu tuliketi tukahesabu. Wanafunzi walikuwa 312, lakini nyumba zilikuwa 174 tu, maana wengi ni ndugu. Kwa hiyo tukaamua kwamba karatasi ihesabiwe kwa nyumba, wala si kwa mtoto, na mtoto mkubwa wa nyumba awe ndiye mchukuzi. Katika steshenari ya mjini nakala ya ukurasa mmoja ilikuwa shilingi 100, basi gharama ya mwezi ikawa shilingi 17,400. Fedha hiyo hatukuiomba kwa wazazi, kwa kuwa karatasi inayoanza kwa kuomba fedha ya karatasi imekwisha kujiharibia. Ilitoka katika mchicha na ndizi za bustani ya shule. Tena kwa sababu hiyo ukurasa ukabaki mmoja, nasi tukajifunza kuyachagua maneno, maana kila neno lisilo na kazi lilikula mahali pa neno lenye kazi.

Jambo la kwanza tulilolibadili lilikuwa namna ya kusema. Zamani wito uliandikwa hivi: "Mzazi/Mlezi, unatakiwa kufika shuleni Ijumaa tarehe 14 bila kukosa. Kwa asiyefika hatua zitachukuliwa dhidi yake." Mtu asomaye maneno hayo hajui aitiwa nini, ajua tu kwamba ameshakuwa mshitakiwa. Sisi tukaandika hivi: "Ijumaa tarehe 14, saa nne asubuhi, watoto wa darasa la tatu watawasomea wazazi wao kwa sauti. Kila mtoto atasoma aya moja. Njoo umsikie wako." Siku ile madawati hayakutosha. Wazee walisimama madirishani, na mama mmoja aliyetoka moja kwa moja kuchuma machungwa aliweka kapu lake mlangoni akaingia. Hatukutumia ujanja wo wote. Tuliwaambia wazazi jambo lenyewe, saa yake, na sababu ya kuja.

Jambo la pili ni hili: wazazi na walezi wote hawajui kusoma. Je, karatasi yawafaa nini hao? Mtoto huwasomea, nasi tulilitazamia hilo tangu mwanzo, tukaandika kwa sentensi fupi ambazo mtoto wa darasa la nne aweza kuzisoma bila kukwama. Lakini msomaji wa namna hii ana hatari yake, nanyi mlio na watoto mwaijua. Katika mwezi mmoja tuliandika kwamba darasa la tano limepungukiwa sana mahudhurio siku za gulio. Kijana mmoja wa darasa lile alikuwa akimsomea bibi yake, ambaye hajui herufi hata moja. Alisoma vizuri, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari kama alivyofundishwa, na alipofika mahali pa gulio kidole kikaruka. Yule bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, kidole chako kimeruka shimo. Hapo pana nini?" Kijana akanyamaza. Bibi akaichukua karatasi, akaipeleka kwa jirani ikasomwa upya, na hapo ndipo alipojua kwamba siku za gulio mjukuu wake alikuwa akibeba matenga ya machungwa kwa ujira, naye alidhani yuko darasani.

Bibi huyo alikuja shuleni mwenyewe kesho yake, wala hakuja kugomba. Alitaka kujua kijana amekosa masomo gani, na kama yaweza kurudishwa. Nami nikaona ya kwamba asiyejua kusoma si mtu asiyeweza kupelekewa karatasi. Tangu siku ile tukaweka utaratibu mwingine juu ya ule wa kwanza: nakala moja husomwa kwa sauti Jumapili nje ya kanisa baada ya ibada, na nyingine msikitini siku ya Ijumaa, na nyingine hubandikwa dukani penye mashine ya kusaga, ambako watu hungoja zamu. Neno lililosikiwa mahali patatu ni vigumu kidole kuliruka.

Sasa nafika kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni hesabu. Wazazi wa shule yetu huleta mahindi na maharage ili watoto wapikiwe makande mchana. Kila muhula palikuwa na manung'uniko: mahindi yalikuwa mengi, yamekwenda wapi? Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nao, kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Tukaamua kuandika hesabu katika karatasi. Mwezi wa kwanza tulipopima ghala tulipata hivi: mahindi yaliyopokelewa debe 58, yaliyopikwa debe 41, yaliyobaki debe 15. Mwaona wenyewe kwamba debe mbili hazipo.

Hapo pakawa na mabishano makali katika kamati ya shule. Mjumbe mmoja, mtu mzima na mwenye heshima, alisema, "Mkiandika upungufu huu mwatuvua nguo sokoni. Andikeni yaliyopokelewa na yaliyobaki, basi." Mwingine akasema tungoje kwanza tumjue mwizi. Mwalimu mkuu akajibu, "Tusipoandika sisi kwa kalamu, wataandika wao kwa midomo, na midomo haiandiki debe mbili, itaandika magunia kumi." Nami nikaongeza usemi ambao wafanyabiashara wetu wote waujua, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwisho wa maneno ikaandikwa kama ilivyokuwa: "Yaliyopungua: debe 2. Sababu bado hatujaijua. Mwenye wazo aje."

Nakiri usiku ule usingizi ulikuwa haba. Lakini siku ya tatu alikuja mzee mmoja aliyewahi kufanya biashara ya nafaka kwa miaka mingi. Aliomba kuliona ghala. Akaingia, akashika mahindi kiganjani, akauma punje moja, akasema, "Haya mliyapokea mabichi. Yakikauka hupungua kipimo. Na hapo pembeni, mavi ya panya hayo." Juma lililofuata alikuja na vijana wawili na miti, wakajenga uchaga ulioinuka juu ya sakafu, akatufundisha kupokea mahindi makavu tu. Muhula uliofuata upungufu ulikuwa nusu debe, nao pia tukauandika. Mwizi tuliyekuwa tukimtafuta katika nyuso za watu hakuonekana. Na watu wawili waliokuwa wakitajwa tajwa pembeni kwa muda mrefu wakapata kupumua.

Nanyi msidhani ya kuwa jambo hili la kuanika hesabu ni la kijiji kimoja. Wachunguzi wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walipozipima hesabu za shule za msingi za Uganda za miaka 1991 hata 1995, waliona ya kwamba katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilizitoa kwa matumizi ya shule, mbali na mishahara, ni shilingi 13 tu kwa wastani zilizofika shuleni. Wazazi hawakujua kwamba kuna fedha iliyopotea, kwa sababu hawakujua kwamba kuna fedha iliyotumwa. Baadaye serikali ya Uganda ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa katika kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001 fedha iliyofika ilikuwa imezidi shilingi 80 katika kila 100. Yako mabadiliko mengine yaliyofanywa Uganda katika miaka ile, wala sisemi kwamba tangazo peke yake lilifanya kazi yote. Nasema hili tu, kwamba mtu hawezi kuulizia asichokijua. Hapa kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yaitaka kila shule ya msingi iwe na kamati yake. Lakini kamati ni watu wachache, na karatasi ndiyo huwafanya wazazi waliobaki wajue kamati yao yafanya nini.

Faida nyingine ya karatasi ni kumpa mzazi nafasi, yaani siku za kujiandaa kabla jambo halijafika mlangoni. Mfano wake ni huu. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, na kwa utaratibu uliotangazwa elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba. Kwa hiyo watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 walipangiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027. Na wale waliokuwa darasa la nne mwaka huo huo walipangiwa kumaliza darasa la saba mwaka ule ule wa 2027. Madarasa mawili yatoke kwa pamoja, na yote mawili yaingie kidato cha kwanza mwaka 2028.

Jambo hili lilipofika kijijini kwa njia ya midomo lilikuwa limeharibika sana. Wengine walisema darasa la saba limefutwa na watoto wa la nne wataachwa njiani. Wengine walisema wadogo watarushwa darasa bila kusoma. Sisi tukaliandika kwa mistari sita, na chini yake tukachora jedwali dogo: mwaka upande huu, na mtoto wako atakuwa darasa gani upande ule. Tukasema, "Tafuta mstari wa mtoto wako, weka alama."

Katika kijiji chetu yuko mama mjane mwenye watoto wawili waliofuatana: binti aliyekuwa darasa la nne mwaka 2024, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa la tatu. Alipoweka alama zake mbili, aliona zimeangukia mwaka mmoja. Ni kweli kwamba ada ya sekondari hata kidato cha nne iliondolewa tangu mwaka 2016. Lakini sare, viatu, madaftari na godoro la bwenini haviondoki kwa tangazo. Baba mdogo wa watoto hao alikuwa ameshasema kwamba mambo yakibana aendelee wa kiume, na binti akae nyumbani kumsaidia mama yake. Maneno hayo husemwa katika nyumba nyingi, wala hayasemwi na watu wabaya. Husemwa na watu waliobanwa na wakati.

Yule mama alikuja na karatasi yake imekunjwa katika pindo la kanga. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni hakika?" Nikamwambia ndivyo ilivyotangazwa. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi nina masika matatu." Mwaka ule ule akanunua mbuzi jike wawili, na karatasi akaibandika ukutani karibu na taa. Baba mdogo alipokuja tena na maneno yake, alimwonyesha ukuta. Sisemi kwamba mbuzi wawili hushinda umaskini. Lakini angalieni tofauti: habari ile ingalifika mwezi mmoja kabla ya siku, lingebaki swali moja tu, nani aachwe? Ilipofika miaka mitatu kabla, swali likawa jingine: tufanyeje ili wote wawili waende? Maneno ya tangazo ni yale yale; kilichozidi ni nafasi. Na nafasi hiyo yeye hakuipewa na mtu tajiri, bali na ukurasa wa shilingi 100.

Yako mambo ambayo karatasi haipaswi kuyasema. Hatuandiki jina la mtoto kwa aibu. Mtoto aliyekuwa wa mwisho, mtoto mtoro, mtoto ambaye mchango wake haujaja, hao wote huambiwa wazazi wao faraghani, ana kwa ana. Zamani ilikuwa desturi kumpanga mtoto wa kwanza hata wa mwisho ukutani mbele ya macho ya watu. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania mwaka 2023 liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Sisi majina tunayoyaandika ni ya sifa, na sifa zenyewe si za alama tu. Tumeandika jina la mtoto aliyempeleka mwenzake zahanati alipoumwa na nyuki, na la yule aliyetunza mche wa mwembe ukapita kiangazi. Tena tumefanya orodha ya siri ya majina, ili kwamba mwaka usipite kabla kila nyumba haijaona jina lake japo mara moja. Mzee mmoja alinionyesha karatasi ya mwaka uliopita, amelihifadhi jina la mtoto wake pamoja na hati ya shamba.

Mwisho wa kila karatasi pana kipande cha kukata, na juu yake pameandikwa: "Mzazi, sema nasi." Hapo ndipo mtu huandika, au humwandikisha mtoto, lile alitakalo. Miezi miwili ya kwanza vilirudi vipande vinne tu, na kimoja kilikuwa salamu. Wengine kati yetu walitaka kukiondoa, mahali pake paandikwe habari zaidi. Tukasubiri. Masika yalipoanza vikaja vipande kumi na kimoja kwa siku moja, vyote kutoka ng'ambo ya mto, vyote vikisema neno moja: daraja la miti limechukuliwa na maji, na watoto huzungukia juu, mwendo wa saa nzima zaidi. Walimu hawakuweza kulijua hilo wakiwa ng'ambo hii. Mwalimu mkuu akakisogeza kipindi cha kwanza kwa watoto wale, na karatasi iliyofuata ikaitangaza siku ya kujenga daraja. Walikuja watu wa ng'ambo zote mbili. Tangu hapo vipande havipungui arobaini kwa mwezi, maana watu wameona ya kwamba kipande kikienda hurudi na jambo.

Huulizwa mara nyingi, "Karatasi ya nini siku hizi, na simu zipo?" Neno hili ni la haki, lastahili jibu. Tulihesabu tukaona kwamba katika nyumba zetu 174, zenye simu janja ni 61. Zilizobaki zina kitochi, au hazina kabisa. Nasi hutuma habari zile zile katika kundi la WhatsApp la wazazi, na zinafaa sana kwa jambo la haraka, kama kufunga shule kwa mvua. Lakini habari ya simu hufunikwa upesi na salamu na picha na matangazo ya misiba, na baada ya siku mbili mtu haioni tena. Tena simu ni ya mtu mmoja, naye aghalabu ni baba, huondoka nayo mfukoni. Karatasi hukaa nyumbani. Bibi huikuta, mama huikuta, mgeni huisoma akingoja chakula. Basi vyote viwili vitumike, kila kimoja kwa kazi yake.

Walimu wenzangu, nikiyakusanya haya yote kwa maneno machache ningesema hivi. Andikeni kwa ufupi, kwa Kiswahili ambacho mtoto aweza kukisoma na mzee aweza kukifahamu akisikia. Habari itangulie, ombi lifuate. Na mwezi ambao hamna ombi, karatasi iende vile vile, ili watu wajue ya kuwa si mguu wa mdai. Hesabu ziandikwe zikiwa nzuri na zikiwa mbaya, kwa maana upungufu uliofichwa huzaa, na uliosemwa hupata wa kuutibu. Jambo la mwaka kesho lisemwe mwaka huu. Jina la mtoto liandikwe kwa heshima tu. Na kipande cha majibu msikikate hata kama hakirudi. Aliyezoea kunyamazishwa hachukui siku moja kuzoea kuulizwa.

Nanyi wazazi wetu, msiiogope karatasi, wala msiipokee kama mzigo wa mtoto. Ni haki yenu. Kama shule yenu haina, iulizieni katika mkutano wa wazazi kwa upole lakini bila kuchoka, na walimu wakisema hawana fedha, waonyesheni mahali pa kupanda mchicha. Na kama mnayo, mwezi huu ikifika isomeni hata mwisho, wakiwapo watoto wote. Na pale chini palipoachwa wazi, andikeni neno.